Mada Ndogo ya 7.4: Kutofautisha Nyungunyungu wa Mboji na wa Chambo

Mtahiniwa, mada hii huonekana nyepesi, na ndiyo maana wengi hupoteza alama. Mtu akiona kiumbe laini, kirefu, kisicho na miguu, huandika "mnyoo" na kugeuza ukurasa. Mtahini anataka zaidi ya hapo: anataka sifa inayoonekana kwa macho au kwa lenzi ya mkono, na sababu ya kibiolojia inayoieleza.

Kumbuka kwanza kwamba "mboji" na "chambo" ni majina ya matumizi. Si makundi ya uainishaji. Nyungunyungu yuleyule anaweza kumeng'enya maganda ya ndizi leo na kesho akawa kwenye ndoano ya mvuvi. Ukiulizwa kuainisha, usiandike "kundi la chambo". Andika: faila Anelida, ngeli Oligoketa.

Ondoa wasiohusika

Katika kopo la chambo huchanganyika viumbe vya namna nyingi. Funza ni buu la nzi: hana miguu, mbele amechongoka, nyuma ni butu na ana vitundu viwili vya kupumulia. Buu la mende wa unga lina kichwa kigumu na miguu sita karibu na kichwa. Hawa wote ni wadudu, faila Athropoda, na watageuka kuwa mabuu bwete kisha wadudu kamili. Nyungunyungu hageuki, anayetoka kwenye kifuko cha mayai ni nyungunyungu mdogo.

Wavuvi wa pwani nao huchimba minyoo ya baharini kwenye mchanga na matope ya mikoko maji yakipwa. Hao ni Anelida pia, lakini wengi wao ni wa ngeli ya Poliketa. Watazame ubavuni: kila pingili ina vijiguu vya nyama vyenye vinywele vingi. Nyungunyungu wa nchi kavu hana vijiguu, ana vinywele vifupi vigumu viitwavyo seta. Mruba hana seta kabisa, ila ana kikombe cha kunyonyea kila ncha.

Tazama mkanda, kisha hesabu

Hapa ndipo penye alama nyingi. Nyungunyungu aliyekomaa ana sehemu iliyovimba au yenye rangi tofauti mwilini, iitwayo klitela. Kazi yake ni kutengeneza kifuko cha mayai. Asiye na klitela bado ni mchanga, na kwa huyo usijaribu kutaja spishi. Andika tu kwamba hajakomaa. Jibu hilo ni sahihi kuliko kubahatisha.

Osha kielelezo kwa maji safi, kilaze kwenye karatasi nyeupe yenye unyevu, tafuta ncha ya mdomo (iliyo karibu zaidi na klitela), kisha hesabu pingili kutoka hapo.

Eisenia fetida, nyungunyungu mwekundu wa mboji, ana klitela kuanzia karibu pingili ya 25 hadi ya 32. Ina umbo la tandiko la punda: imefunika mgongo na ubavu, haikuzunguka tumbo. Mwili una mistari, pingili nyekundu iliyokoza ikifuatiwa na mfereji wa rangi ya manjano hafifu. Urefu wake mara nyingi ni sentimita 6 hadi 10. Ukimbana hutoa majimaji ya manjano yenye harufu mbaya, na jina fetida linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kunuka. Ana ndugu wa karibu, Eisenia andrei, mwekundu mtupu bila mistari.

Eudrilus eugeniae asili yake ni Afrika Magharibi. Ni mkubwa, anaweza kuzidi sentimita 20, rangi ya zambarau yenye kijivu, na mkia umechongoka. Klitela yake iko karibu na kichwa, takriban pingili ya 13 hadi ya 18. Hupenda joto, hasa nyuzi 24 hadi 30 za Selsiasi, na baridi kali humwua. Kwa ukubwa wake anafaa mboji na chambo pia.

Perionyx excavatus, wa Asia, naye klitela yake iko mbele, pingili ya 13 hadi ya 17, kwa hiyo ni rahisi kumchanganya na huyo wa pili. Ila ni mwembamba, hung'aa kibuluu akiwekwa kwenye mwanga, na hukimbia upesi ukimgusa. Chukua lenzi: seta zake zimeizunguka pingili yote kama pete, ilhali Eudrilus na Eisenia wana seta nane tu kwa pingili, zimepangwa jozijozi.

Lumbricus terrestris ndiye chambo maarufu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Ni mnene, mkia wake hubapa, klitela ni pingili ya 32 hadi ya 37. Vitabu vingi vya zamani vilimchora yeye, ndiyo maana wanafunzi humtaja hata wanapopewa nyungunyungu wa Morogoro.

Kwa nini mmoja huishi kwenye pipa na mwingine hufa

Swali la maelezo hupenda kuja hapa. Nyungunyungu wamegawanyika kwa makazi. Wapo wa juu, wanaoishi ndani ya majani yanayooza. Hawachimbi sana, huzaa haraka, na mgongo wao una rangi iliyokoza inayowakinga na mwanga. Eisenia ni wa kundi hili. Wapo wa ndani ya udongo, wenye mwili wa kijivu au waridi uliopauka, wanaokula udongo wenyewe. Na wapo wachimbaji wa kina kama Lumbricus terrestris, wenye shimo la wima la kudumu, ambao huvuta majani kutoka juu.

Sasa fikiria kijana anayechimbua nyungunyungu waliopauka shambani, akawatia kwenye pipa la maganda na samadi akitarajia mbolea ya kuuza. Baada ya wiki chache pipa linanuka na wanyama wamekufa au wametoroka. Hakukosea kuwapa chakula. Alichukua wa makazi mengine. Jibu la namna hii, lenye sifa, makazi na matokeo, hupata alama zote.

Makosa ya kuepuka: kuandika kwamba nyungunyungu akikatwa vipande viwili huwa wawili (kipande cha mbele huweza kuotesha mkia, cha nyuma kwa kawaida hufa), kuandika kwamba ana mapafu, wakati hupumua kwa ngozi yenye unyevu, na kuandika "dume" au "jike", wakati kila mmoja ni huntha, ingawa kwa kawaida wawili hubadilishana mbegu.

Jipime

1. Kielelezo P kina klitela ya umbo la tandiko pingili ya 26 hadi ya 32 na mistari mwilini. Kielelezo Q kina klitela pingili ya 14 hadi ya 18 na seta nane kwa pingili. Taja spishi ya kila kimoja na utoe sababu mbili kwa kila jibu. (alama 6)

2. Mvuvi ana kopo lenye P na Q, anakwenda kuvua sehemu ya baridi ya milimani. Eleza ni yupi atakayekaa hai muda mrefu zaidi, na kwa nini. (alama 3)

3. Misitu ya kaskazini mwa Amerika iliyofunikwa na barafu zamani haikuwa na nyungunyungu wa asili. Eleza madhara mawili ya wavuvi kumwaga chambo kilichobaki msituni humo. (alama 4)

Dokezo la swali la 3: anza na tabaka la majani yaliyoanguka. Jiulize nani anaishi humo na mbegu gani huotea humo.