Aanze Mwenyewe: Namna Ninavyofundisha Utaratibu wa Siku

Nafundisha katika kitengo cha elimu maalumu cha shule ya msingi. Wanafunzi wangu wengi wana ulemavu wa akili, na baadhi wana usonji. Mzazi anapomleta mtoto, swali lake la kwanza huwa, "Mwalimu, atajua kusoma?" Namjibu kwa heshima, maana kusoma tunafundisha. Kisha nami namuuliza: akiamka asubuhi na hakuna wa kumwambia la kufanya, anafanya nini?

Mara nyingi jibu ni kwamba anakaa. Kunawa anajua, kuvaa anajua. Akiambiwa "nawa" ananawa vizuri, halafu anasimama na taulo mkononi akingoja neno linalofuata. Mikono yake inaweza, ila kila hatua ya siku yake huanzishwa na sauti ya mtu mwingine. Ndiyo maana nikifundisha utaratibu wa siku nakuwa na lengo moja: kazi iliyokwisha imwite kwenye kazi inayofuata, bila mimi kusimama katikati.

Kujitegemea huku ni haki yake. Ibara ya 19 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, inazungumzia haki ya kuishi kwa kujitegemea na kuwa sehemu ya jamii. Kwangu mimi haki hiyo huanzia kwenye mswaki, beseni na kamba ya kuanikia nguo. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Ijue siku ya nyumbani kwao

Kabla ya kupanga somo lolote nazungumza na mama, au bibi, au yeyote anayelala nyumba moja na mtoto. Maji yanatoka bombani au yako kwenye ndoo? Choo kiko ndani au nje? Nguo zake zinakaa sandukuni, kabatini au zimetundikwa ukutani? Mtoto anayeoga kwa ndoo na kopo nyumbani hafaidiki nikimfundisha kwenye sinki la shule. Wanafunzi wa aina hii hupata shida kuhamisha ujuzi kutoka mahali pamoja kwenda pengine, kwa hiyo vifaa vya darasani navifananisha na vya kwao kadiri ninavyoweza.

Igawe kazi vipande vidogo

Kazi ninayotaka kuifundisha naifanya kwanza mwenyewe, polepole, huku nikiandika kila tendo. Kupiga mswaki, tunakokuona kama jambo moja, kuna kuchukua mswaki, kuulowesha, kufungua dawa, kuweka dawa kiasi, kufunga, kusugua kushoto, kulia, mbele na nyuma ya meno, kutema, kusukutua, kuosha mswaki na kuurudisha mahali pake. Orodha hii inanionyesha mwanafunzi anakwama wapi hasa. Mama anaposema "hajui kupiga mswaki", mara nyingi nagundua tatizo ni kifuniko tu cha dawa. Nafundisha kifuniko.

Anzia mwisho

Hatua ya mwisho ndiyo ninayoifundisha kwanza. Kwenye shati la sare nafunga vifungo vyote, namwachia kimoja. Kwenye kufua nafua, nasuuza na kukamua, yeye anaanika. Akishaimudu hatua hiyo narudi nyuma moja: sasa anakamua na kuanika. Kwa njia hii kila zoezi linaishia mikononi mwake. Yeye ndiye anayeiona soksi safi kwenye kamba na kujua kwamba kazi imekamilika, na hamu ya kurudia inatoka hapo.

Nyamaza

Kama ungechukua ushauri mmoja tu katika makala hii, ningependa uwe huu. Kati ya misaada yote tunayompa mwanafunzi, sauti ndiyo ngumu kuiondoa baadaye. Ukimzoesha "haya, sasa sabuni, haya, sasa suuza", maneno yako yanakuwa sehemu ya kazi, na usipoyasema kazi inasimama.

Mahali pa maneno naweka picha. Nachora hatua kwenye vipande vya karatasi ya manila, au napiga picha vitu vyake halisi: mswaki wake, ndoo yao. Nazibandika kwa mpangilio, na chini naweka mfuko. Akimaliza hatua, anabandua picha na kuitia mfukoni, kisha macho yake yanakutana na inayofuata. Mimi nasimama nyuma yake, mahali asiponiona usoni. Akisita, nahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Bado amesita? Naionyesha picha kwa kidole. Bado? Nauongoza mkono wake taratibu kuelekea kwenye kifaa. Neno nalitumia mwisho kabisa. Ukimya huo ni mgumu kwa mwalimu aliyezoea kufundisha kwa kusema, lakini katika ukimya huo ndipo mtoto anapopata nafasi ya kuanza.

Ifunge siku kwenye alama anazozijua

Wengi hawasomi saa. Hata anayejifunza anakutana na utata wetu: simu inaonyesha 6:30 nasi tunamwambia ni saa kumi na mbili na nusu. Kwa hiyo picha ya saa naichora kama kioo cha simu kinavyoonekana, ailinganishe kwa macho. Zaidi ya hapo natumia alama za mtaani kwao: adhana ya alfajiri, kengele ya kanisa, gari la shule kupita, taarifa ya habari ya usiku. Alama njema ni ile inayotokea kila siku bila kumtegemea mtu wa nyumbani.

Mpeleke dukani

Tuna siku maalumu ya kwenda dukani, kila mmoja na kitu kimoja cha kununua: kiberiti, chumvi, sabuni. Noti zetu ni rafiki wa mwalimu. Elfu moja ina sura ya Mwalimu Nyerere, elfu mbili ina simba, elfu tano ina faru, elfu kumi ina tembo. Asiyesoma tarakimu anaweza kujua kwamba sabuni inanunuliwa kwa simba. Kungoja chenji ni hatua yenye picha yake. Mwenye duka namwomba mapema amwangalie mwanafunzi, aongee naye, na chenji aiweke kwenye mkono wa mwanafunzi.

Mlango ufungwe

Mtoto anayeogeshwa na yeyote aliye karibu hadi anabalehe anajifunza kwamba mwili wake unaguswa na kila mtu. Hilo ni hatari kubwa. Katika utaratibu wa kuoga, hatua ya kwanza ni kufunga mlango na ya mwisho ni kuvaa kabla ya kutoka. Kwa wasichana, mwalimu wa kike na mama wanafundisha kubadilisha pedi kwa hatua zilezile za picha, zikibandikwa mahali pa faragha, kabla hedhi ya kwanza haijafika.

Vuruga kidogo kwa makusudi

Utaratibu ukishika, naubadilisha. Naficha sabuni. Nabadilisha beseni. Kwa wenye usonji natangulia kuwaandaa kwa kadi ya "leo tofauti", ili badiliko lisiwatishe. Picha ya kuomba msaada iko pembeni siku zote, na akiitumia nampongeza sawasawa na aliyemaliza peke yake. Anayejua aombe nini na kwa nani, huyo anajitegemea.

Nyumbani, kazi moja tu

Asubuhi ya nyumbani ina haraka, na upendo una haraka zaidi. Bibi anamvalisha mjukuu viatu kwa sababu anamhurumia. Simlaumu. Namwomba kazi moja tu, ya jioni, wakati kuna nafasi, na dada na kaka wakubaliane kutomfanyia. Ikishika, tunaongeza nyingine.

Wazazi hawa wana hofu wasiyoitamka mbele za watu: nikifa, nani atamwangalia? Siwezi kuiondoa hofu hiyo. Lakini nimeona jinsi ndugu wanavyompokea kijana anayeoga, anayefua na kutandika kitanda chake bila kuambiwa. Wanampa sehemu yake ya kazi, na kazi inampa nafasi katika nyumba.

Kwenye daftari langu, mbele ya jina la kila mwanafunzi, sipimi kama kazi imefanywa vizuri. Naandika ni nini kilichoianzisha: neno, mkono, kidole, picha, au mwenyewe. Chagua kazi moja wiki hii, fungua daftari, uandike hivyohivyo kila siku. Neno "mwenyewe" likianza kujaza ukurasa, hamia kazi ya pili.