Mbwa Mkubwa Nyumbani: Tupige Hesabu Kwanza



Wiki chache zilizopita tulikuwa katika darasa moja la kisomo cha kujiendeleza. Somo la siku ile lilikuwa hesabu za kuzidisha. Tulikuwa tumeandika ubaoni mfano wa mifuko ya mbolea. Mzee mmoja akanyoosha mkono, akasema, "Mwalimu, mbolea tumeizoea. Mimi ninayo hesabu nyingine. Hesabu ya mbwa."

Darasa zima lilicheka. Lakini mzee hakucheka, na alipoeleza, na sisi tukaacha kucheka.

Mzee huyu ana mtoto wa kiume anayefanya kazi mjini. Kijana kapiga simu. Baada ya shikamoo na marahaba akamwambia baba yake hivi: "Baba, nimesikia mbuzi wawili wameibiwa tena. Nimepata mtu anayeuza watoto wa mbwa wa kizungu, wale wakubwa sana. Nitawaletea mmoja. Akikua, mwizi hatasogea." Mzee alifurahi. Mkewe hakufurahi. Nyumbani yuko mjukuu wa miaka miwili, na kijiji cha jirani mwaka jana mtoto aliumwa na mbwa, akachomwa sindano kwa wiki kadhaa. Tena mama huyu aliuliza swali moja tu: "Nani atampikia?"

Basi tuliifuta mbolea ubaoni. Somo likawa mbwa. Leo tunawaletea somo hilo.

MBWA WAKUBWA NI WAPI HASA?

Mbwa wetu wa kienyeji huwa na kilo 15 hivi, wengine 20. Mbwa wakubwa tunaowasema hapa huanzia kilo 45 na kuendelea. Wako wa aina nyingi, lakini tutaje wachache.

Yuko Great Dane. Jina lake linamtaja kuwa wa Denmaki, lakini kwa kweli mbwa hawa walikuzwa Ujerumani kwa kuwinda nguruwe mwitu. Dume huweza kufika kilo 60 hadi 80, na akisimama kwa miguu yote minne, bega lake linafika kiunoni mwa mtu. Yuko Boerboel wa Afrika ya Kusini, mwenye kichwa kipana na kifua kinene, ambaye makaburu walimfuga mashambani kulinda mali. Yuko Saint Bernard, wa milima yenye theluji kati ya Uswisi na Italia. Huyo ana sifa kubwa. Mmoja wao aliyeitwa Barry, aliyeishi kuanzia mwaka 1800 hadi 1814, anasemekana aliokoa watu zaidi ya 40 waliopotea kwenye theluji. Mwili wake umehifadhiwa mpaka leo katika jumba la makumbusho mjini Bern. Lakini hebu fikiri: mbwa mwenye manyoya ya kukinga theluji, umlete Dodoma mwezi wa Novemba! Atahema kutwa. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema. Mwenye mwili mkubwa na manyoya mazito hupata shida ya joto upesi, na anaweza kufa nayo. Huyo tumwache hukohuko kwao.

Halafu wapo mbwa wakubwa wa wafugaji. Hawa wametoka Uturuki, na huitwa mbwa wa Anatolia. Mwaka 1994 shirika moja la kuhifadhi duma nchini Namibia lilianza kuwagawia wafugaji mbwa hawa walinde mbuzi na kondoo, ili duma wasiue mifugo na wafugaji nao wasiue duma. Baadaye mbwa wa aina hiyo waliletwa na hapa kwetu Tanzania, kwa wafugaji wanaoishi jirani na Hifadhi ya Ruaha. Mtoto wa mbwa huyu huwekwa pamoja na mbuzi tangu ana majuma manane hivi, akaamini kwamba mbuzi ndio ndugu zake. Simba au duma akija, hubweka kwa nguvu na kujiweka katikati. Mara nyingi mnyama huona taabu ya bure akaondoka. Mbwa huyu ana kazi. Si wa kulala sebuleni.

Tunasema haya kwa sababu yule kijana wa mjini alisema tu "mbwa wa kizungu mkubwa". Hakusema ni wa aina gani. Swali la kwanza tulilompa mzee lilikuwa hilo: amuulize mwanawe jina la mbwa, na wazazi wa mbwa huyo walikuzwa kwa kazi gani.

HESABU YA CHAKULA

Sasa tuje kwenye ubao. Wengi hudhani kwamba mbwa mwenye uzito mara nne atakula mara nne. Si hivyo. Mnyama mkubwa hula zaidi, lakini si kwa kiasi kilekile cha uzito wake. Mbwa wa kilo 60 hula kama mara tatu ya mbwa wa kilo 15. Hiyo ni nafuu kidogo, lakini ngoja uone mara tatu hiyo ni kiasi gani.

Mbwa wa kilo 60 anahitaji kwa siku nguvu ya chakula inayokaribia ile ya mtu mzima. Kama chakula chake chote kingekuwa unga wa mahindi, angemaliza theluthi mbili ya kilo kila siku. Kwa siku 30 ni kilo 20. Kwa miezi 12 ni kilo 240, yaani karibu magunia mawili na nusu ya kilo 100.

Mzee alipoona namba hiyo ubaoni alivua kofia yake.

Na unga peke yake hautoshi. Mbwa anahitaji nyama, dagaa, utumbo au damu iliyopikwa, hasa wakati anapokua. Mbwa wa kienyeji hujitafutia. Hula makombo, panya, na vingine tusivyopenda kuvitaja. Jibwa haliwezi kuishi kwa makombo ya nyumba moja. Likikosa litakwenda kutafuta kwa jirani, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Basi swali la yule mama, "Nani atampikia?", lilikuwa swali la maana kuliko yote. Katika nyumba nyingi sufuria ya pili ya ugali, kuni zake na maji yake vitakuwa juu ya mama. Sisi tunaona si haki baba na kijana wakubaliane kwenye simu juu ya kazi ya mtu wa tatu ambaye hakuulizwa.

ANAVYOKUA

Mtoto wa mbwa mkubwa huzaliwa na uzito wa nusu kilo au zaidi kidogo. Akifika miezi minne huweza kuwa ameshamzidi mbwa wetu wa kijijini. Huendelea kukua mpaka mwaka mmoja na nusu au miwili. Katika muda huo mifupa yake ni laini, na makosa mawili huwaharibu wengi.

Kosa la kwanza ni kumshindilia chakula ili awe mkubwa upesi. Akinenepa kabla mifupa haijakomaa, nyonga na viwiko hupinda na kuuma. Kosa la pili linatoka kwenye nia njema: watu humwongezea unga wa mifupa au chokaa wakisema anajenga mifupa. Kwa mbwa hawa wakubwa chokaa ikizidi huharibu mifupa badala ya kuisaidia. Tusimwongezee bila mtaalamu kusema. Wala tusimkimbize nyuma ya baiskeli, wala kumrusha kutoka kwenye gari.

Uko pia ugonjwa wa tumbo unaowapata hasa mbwa wenye kifua kirefu kama Great Dane. Tumbo hujaa hewa, kisha hugeuka kama mfuko uliosokotwa mdomo. Mbwa huhangaika, hutoka udenda, hujaribu kutapika bila kitu kutoka, na tumbo huvimba. Asipopasuliwa na daktari wa mifugo katika saa chache atakufa. Tujiulize wenyewe: kutoka hapa mpaka kwa daktari mwenye vifaa vya kupasua ni saa ngapi? Kupunguza hatari, apewe chakula mara mbili au tatu kwa siku, kidogo kidogo, siyo mlima mmoja wa jioni, na asikimbizwe mara baada ya kula.

Jambo moja la huzuni ni kwamba mbwa wakubwa hawaishi sana. Great Dane huishi miaka 7 hadi 10. Mtoto wa miaka miwili atakayekua naye atamzika kabla hajaingia sekondari.

MBWA NA WATOTO

Watu wengi wanaofuga Great Dane wanasema ni mpole. Ni kweli, wengi wao ni wapole. Lakini upole wa kilo 70 bado ni kilo 70. Akigeuka kumsalimu mjukuu, mkia wake peke yake unaweza kumwangusha. Akirukia kwa furaha, bibi anaweza kuvunjika nyonga. Anachozoeshwa akiwa na kilo 8 ndicho atakachofanya akiwa na 60. Kwa hiyo afundishwe mapema kukaa, kuja akiitwa, na kutorukia watu. Afundishwe kwa kumpa kipande cha chakula anapotii, siyo kwa fimbo. Mbwa aliyepigwa hujifunza kuogopa, na mbwa mwenye hofu huuma.

Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata awe mpole namna gani. Wala mtoto asimguse mbwa anapokula, anapolala au anaponyonyesha. Kumfunga mnyororo kutwa ili "awe mkali" nako hakufai. Humfanya awe wa hatari kwa wenye nyumba kwanza, mwizi baadaye.

Tusisahau majirani. Kwa Waislamu wengi wa huku kwetu mate ya mbwa ni najisi, na chombo kilicholambwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Jirani kama huyo hawezi kufurahia jibwa linalotembea mpaka jikoni kwake. Ua uwe imara kabla mbwa hajafika.

KICHAA CHA MBWA

Hapa hatuna mzaha. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Hakuna dawa. Lakini kinazuilika kabisa. Mbwa achanjwe akifika miezi mitatu, na chanjo irudiwe kila mwaka, na kadi itunzwe kama kadi ya kliniki ya mtoto. Wataalamu wanasema wakichanjwa mbwa angalau 70 katika kila mbwa 100, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kwa hiyo mbwa mmoja wa bei kubwa aliyechanjwa katikati ya mbwa 50 wasiochanjwa hajatusaidia sana. Mpelekeni na yule mbwa koko.

Mtu akiumwa, au hata akikwaruzwa: oshwa jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi, tazama saa. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukachomwe sindano, na uzimalize zote. Usifunge majani, usitie mafuta ya taa, usingoje kuona kama mbwa atakufa. Yule mtoto wa kijiji cha jirani alipona kwa sababu mama yake alikimbilia sabuni kwanza, kisha akakimbilia hospitali.

MZEE ALIVYOAMUA

Tulimaliza kipindi giza likianza kuingia. Mzee alinakili hesabu yote kwenye daftari lake. Jumapili alimpigia mwanawe simu, akamsomea maswali moja baada ya jingine. Ni aina gani? Umewaona mama yake na baba yake, na wanatembea vizuri? Ana majuma mangapi? (Asitolewe kwa mama yake kabla ya majuma manane.) Ana kadi ya chanjo? Utaleta kilo 20 za unga kila mwezi, na dagaa? Kijana alinyamaza, kisha akasema, "Baba, naomba siku tatu."

Siku ya tatu alipiga. Alikuwa amekwenda kumwona mama yake yule mbwa. "Baba," alisema, "amesimama ananifika hapa kiunoni, na sufuria yake ni kubwa kuliko yetu." Fedha za kumnunua mbwa alizituma nyumbani. Mzee na mkewe wamenunua misumari na miti ya kujenga zizi jipya lenye mlango wa kufungwa, na kwa Bwana Mifugo wamechukua watoto wawili wa kienyeji, ambao watachanjwa mwezi ujao. Mama amekubali kuwapikia mmoja. Wa pili anapikiwa na mzee.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Mbwa wa kilo 15 hula kama kilo 7 za unga kwa mwezi. Mbwa wawili wa namna hiyo watakula kilo ngapi kwa mwaka? Wamepungukiwa na jibwa moja kwa kilo ngapi?

Kijijini kwenu kuna mbwa wangapi, na wangapi wana kadi ya chanjo? Gawaneni mitaa, mkawahesabu.

Katika nyumba yako, kabla mnyama mpya hajaletwa, nani huulizwa?