Hitilafu za Sauti: Kushoto Kunaposikika Kulia

Soma swali hili na ulijibu kwenye daftari lako kabla ya kuendelea na maelezo.

Swali. Kompyuta ya ukumbi wa shule imeunganishwa na amplifaya kwa waya wenye plagi moja ya milimita 3.5 upande wa kompyuta na plagi mbili, nyekundu na nyeupe, upande wa amplifaya. Amplifaya inaendesha spika mbili. Wiki iliyopita plagi ya milimita 3.5 ilikatika, ikafungwa mpya. Tangu siku hiyo, filamu ikioneshwa, gari linaloingia upande wa kushoto wa picha husikika likitokea kulia. Fundi ameshauri shule inunue kadi mpya ya sauti.

(a) Eleza hatua utakazofuata kutafuta chanzo cha hitilafu hii. (alama 5)
(b) Je, unakubaliana na ushauri wa fundi? Toa sababu. (alama 2)
(c) Pendekeza namna ya kuondoa hitilafu. (alama 3)

Maelezo ya sehemu (a)

Jibu ambalo nimelisahihisha mara nyingi kuliko yote ni hili: "Nitasakinisha draiva upya." Draiva inaweza kweli kuwa chanzo. Lakini swali limetaka hatua za kutafuta, na mtahiniwa huyu ameanza kutibu kabla ya kupima.

Kumbuka njia ambayo sauti hupita: faili, programu inayolicheza, mfumo endeshi pamoja na draiva, kadi ya sauti, tundu la plagi, waya, amplifaya, spika. Pande mbili zinaweza kubadilishana mahali popote katika njia hiyo. Ukianza na faili ukapima kituo kimoja kimoja hadi kwenye spika utafika, ila utachelewa. Pima katikati. Katikati ni tundu la kompyuta, kwa sababu hapo unaweza kuchomoa waya na kuchomeka hedifoni.

Hakikisha kwanza kwamba hedifoni umezivaa sawasawa, herufi L sikio la kushoto na R sikio la kulia. Kisha fungua mipangilio ya sauti. Katika Windows kuna picha ya spika mbili. Ukibofya ya kushoto, mlio unapaswa kutoka kushoto. Ukisikika kushoto, basi kadi, draiva na mfumo endeshi havina kosa, na hitilafu iko baada ya tundu au ndani ya filamu yenyewe. Cheza filamu hiyo hiyo kwa hedifoni. Gari likisikika kushoto, filamu nayo imepona. Kwa vipimo viwili tu umeondoa nusu nzima ya njia.

Sasa geukia nusu iliyobaki. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Weka waya mwingine ambao una uhakika nao. Sauti ikikaa sawa, waya wa zamani ndio wenye kosa. Isipokaa sawa, kagua rangi kwenye amplifaya (nyekundu ni kulia, nyeupe ni kushoto), halafu nyaya za spika, halafu mahali spika zenyewe zilipowekwa. Hapa wengi hujichanganya: kulia na kushoto huhesabiwa kwa msikilizaji aliyekaa akitazama picha. Anayesimama nyuma ya amplifaya akichomeka nyaya huona kinyume chake.

Na kama mlio wa kwanza kwenye hedifoni ungesikika upande usio wake? Zijaribu hedifoni hizo kwenye simu. Zikiwa nzima, hapo ndipo draiva, mipangilio na kadi vinapoingia.

Sehemu (b)

Jibu ni hapana. Sababu ya kwanza, hitilafu ilianza baada ya plagi kubadilishwa, na swali limekupa taarifa hiyo kwa makusudi. Sababu ya pili, hakuna kipimo kilichoonesha kwamba kadi ina kosa. Anayeandika "hapana, kwa sababu kadi ni ghali" hajapata alama.

Sehemu (c)

Itazame plagi ya milimita 3.5 ya stereo. Imegawanywa na mikanda miwili myembamba katika sehemu tatu: ncha hubeba kushoto, pete ya katikati hubeba kulia, na shina ni la waya wa pamoja. Aliyefunga plagi mpya yaelekea aliunga waya wa kushoto kwenye pete na wa kulia kwenye ncha. Marekebisho sahihi ni kuifungua plagi na kuziungua upya nyaya hizo mbili, au kununua waya mwingine.

Wapo watakaosema tubadilishane tu nyekundu na nyeupe kwenye amplifaya. Itafanya kazi, maana kugeuza mara mbili hurudisha pande mahali pake. Mimi ningempa alama mtahiniwa huyo iwapo tu ataongeza kwamba waya utawekewa lebo. Bila lebo, mtu mwingine ataona rangi zimekosewa, atazipanga vizuri, na hitilafu itarudi. Kugeuza pande kwa programu ndani ya kompyuta ni vibaya zaidi: ukumbini mtasikia vizuri, lakini atakayechomeka hedifoni kwenye kompyuta hiyo atasikia kinyume, nawe utakuwa na makosa mawili badala ya moja.

Mitego miwili

Kitelezo cha mizani ya sauti hupunguza nguvu ya upande mmoja. Hakihamishi sauti ya kushoto kwenda kulia, kwa hiyo usikitaje kama tiba.

Usipime kwa sauti ya mono. Pande zote mbili hubeba kitu kile kile, hivyo hata nyaya zikigeuzwa hutasikia tofauti yoyote.

Zoezi

Mwanafunzi anasikiliza muziki kwa hedifoni nzima. Kipimo cha mfumo endeshi kinasikika sawa. Wimbo mmoja unasikika pande zimegeuka katika kila programu anayoitumia, ilhali nyimbo nyingine zote ziko sawa.
(i) Taja mahali hitilafu ilipo. (alama 1)
(ii) Eleza kwa nini kubadilisha draiva hakutasaidia. (alama 2)
(iii) Mwenzake anamshauri ageuze hedifoni masikioni. Toa ubaya mmoja wa ushauri huo. (alama 2)