Mraba Mweusi wa Malevich na Suala la Fani Isiyo na Maudhui

Katika mijadala ya uhakiki, sanaa ya kidhahania hutajwa mara nyingi kama ithibati kwamba fani yaweza kusimama peke yake bila maudhui. Mfano unaotolewa kwa wepesi zaidi ni Mraba Mweusi wa mchoraji Kazimir Malevich (1879–1935), mzaliwa wa Kiev mwenye wazazi wa Kipolandi. Makala haya yanashikilia kwamba mfano huo haufai kwa hoja hiyo.

Desemba 1915, katika maonyesho yaliyoitwa 0,10 mjini Petrograd, Malevich aliutundika mraba huo juu, karibu na dari, penye pembe ya kuta mbili. Kwa Warusi wa wakati ule pembe hiyo ilikuwa na maana mahususi: ndipo ikoni, yaani picha takatifu za Kanisa la Kiorthodoksi, zilipowekwa nyumbani. Mhakiki Alexandre Benois aliitambua ishara hiyo, akakasirika. Je, fani tupu humkasirisha nani?

Ni kweli kwamba Malevich mwenyewe alinena juu ya sifuri ya fani. Lakini aliiita nadharia yake Usuprematisti kwa kuwa aliipa hisia safi ukuu juu ya vitu vionekanavyo. Na hisia, kwa kipimo chochote cha uhakiki wetu, ni sehemu ya maudhui. Zaidi ya hayo, uchunguzi wa Jumba la Tretyakov la Moscow, uliotangazwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba chini ya rangi nyeusi mna michoro miwili ya awali, yenye rangi nyingi. Hata pande za mraba wenyewe hazikunyooka sawasawa.

Ipo pia tarehe. Malevich alidai kuwa kazi hiyo ni ya 1913, mwaka aliosanifu mandhari ya opera Ushindi dhidi ya Jua. Wengine huuona huo kuwa udanganyifu. Kwa maoni yetu, alikuwa akiitarehesha fikra, wala si rangi.

Miaka ya 1930, uhalisia wa kijamaa ulipofanywa sera ya dola ya Kisovieti, Malevich, ambaye alikwisha kukamatwa mwaka 1930, alikuwa amerudia kuchora watu. Hata hivyo, taswira yake mwenyewe ya 1933 haikutiwa sahihi kwa jina. Pembeni, chini, aliweka mraba mdogo mweusi.