Jikoni Bila Mweleka: Vidokezo 6 kwa Wanaokimbizana na Oda

Saa saba mchana, mgahawa umejaa. Mhudumu anaita "wali kuku wawili!", karai la chipsi linachemka, sinia zinapishana mlangoni. Nani ana muda wa kutazama sakafu? Wewe hapo! Vingi vya vidokezo hivi havichukui hata dakika tano.

1. Mafuta hayaondoki kwa maji matupu
Tambara la deki lenye maji tu huyasambaza mafuta kutoka jikoni hadi kwa wateja. Yanyonye kwanza kwa magazeti ya zamani, kisha mwagia maji ya moto yenye sabuni. Sasa subiri! Sabuni inahitaji dakika chache kuyaachanisha mafuta na sakafu, na hapo ndipo wengi hukimbilia kusuuza. Sugua kwa brashi ngumu, suuza, kausha. Na aliyeona mafuta yamemwagika asiondoke: asimame hapo hapo, mwenzake alete vifaa.

2. Piga deki nusu nusu
Osha upande mmoja, mwingine ubaki mkavu watu wapite. Kamua tambara mpaka liache kuchuruzika. Kibao cha tahadhari ni kizuri, ila hakikaushi sakafu. Ikikauka, kiondoe; kikishinda hapo kutwa, nani atakijali tena?

3. Ndala zibaki nyumbani
Najua, joto la jiko si mchezo. Hata hivyo, vaa kiatu cha kufunika chenye soli ya mpira na mifereji. Kabla ya zamu kigeuze, uchokoe uchafu kwa mswaki wa zamani. Mifereji imelika? Kiatu hicho kimestaafu.

4. Kreti ya soda si ngazi
Hila nzuri kuliko zote ni kutopanda kabisa: vitu vya kila siku viweke kati ya kiuno na bega, rafu ya juu iachie masufuria ya sherehe. Ukilazimika kutumia ngazi ya kuegemeza, kwa kila mita 4 za kimo, miguu yake iwe mita 1 kutoka ukutani. Wakati wa kupanda, mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, viwe vimeshika ngazi. Ndoo? Mwenzako akupokeze.

5. Paza sauti
"Nyuma yako!" "Moto unapita!" Hapa makelele ni adabu. Sinia ikikuziba macho, punguza mzigo, nenda mara mbili.

6. Toa taarifa leo
Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde usalama wako. Nawe inakutaka umweleze hatari unayoiona. Kwa hiyo kusema si umbeya wala ukorofi. Ukianguka pia sema, hata kama umejikung'uta ukaendelea na kazi, maana maumivu ya mgongo huweza kuja kesho yake. Ukihitaji kuwasilisha madai kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, taarifa ya mapema itakusaidia. Basi kile kigae kilichobanduka karibu na sinki, kipige picha sasa hivi, umtumie msimamizi kabla zamu ya jioni haijaingia.