KOKEDAMA: UA BILA CHUNGU, NA HESABU YAKE KABLA HUJAPANGA BEI

Nauza miche ya maua hapa Mkolani, kando ya barabara ya kwenda Shinyanga. Wateja wangu wengi ni wapangaji, uwanja hawana, wana dirisha na kibaraza tu. Kwa ajili yao nilijifunza kokedama.

Ni ufundi wa Kijapani uliotokana na bonsai. "Koke" ni kuvumwani, ule ujani laini unaoota kwenye mawe yenye unyevu. "Dama" ni tufe. Mmea unakaa ndani ya donge la udongo lililofungwa kamba, chungu hakihitajiki.

JINSI YA KUTENGENEZA
1. Changanya udongo wa mfinyanzi kiasi 1 na mboji iliyooza vizuri viasi 2. Nyunyiza maji, finya kiganjani. Donge likishikamana bila kuchuruza maji, umepatia.
2. Chagua mmea unaopenda kivuli na unyevu, mfano kangaga. Mshubiri achana nao, utaoza.
3. Kung'uta udongo wa zamani taratibu, zungushia mizizi udongo wako, viringisha kama tonge kubwa.
4. Funika, kisha funga kamba ya katani pande zote.

Kufunika, mimi natumia kipande cha gunia la katani. Mawe Mwanza yapo tele, ila kuvumwani huota polepole na kiangazi hukauka. Ukibandua yote leo, kesho huna malighafi.

KUMWAGILIA
Nyanyua donge. Likiwa jepesi, lina kiu. Litumbukize kwenye ndoo ya maji dakika 10 hadi 15, vipovu vikiisha litoe, lichuje maji. Mfundishe mteja hivi hivi kabla hajaondoka, maana ua likimfia wiki ya pili, harudi, na jirani yake anaambiwa.

SASA HESABU
Tuseme donge moja: mche 1,500, kamba 700, udongo na mboji 300, gunia 500. Jumla 3,000. Hapo wengi wanauza 4,000 na kushangilia. Subiri kwanza!

Kutengeneza 10 kunakula siku nzima. Kama siku yako ni 10,000, ongeza 1,000 kwa kila moja. Sasa ni 4,000, na kwa madonge 10 ni 40,000. Kabla ya kuuza yaweke kivulini siku 14 uone yapi yameshika. Yakifa 2, yamebaki 8 yenye kubeba ile 40,000. Kila moja limekugharimu 5,000!

Aliyeuza 4,000 amepata hasara ya 1,000 kwa kila donge, huku akidhani biashara inatembea. Ukiuza 8,000, faida ni 3,000 kwa donge, yaani 24,000 kwa yote 8.

Anza na matano tu, andika kila shilingi na kila mche uliokufa. Daftari ndilo litakalokuambia bei yako.

Wewe bidhaa yako, umeshahesabu zile zinazoharibika? Tuambie hapo chini.