Amerudi kutoka soba: maswali ya familia kuhusu unga

Kwenye kikao cha mtaa kilichoitishwa kuzungumzia vijana na dawa za kulevya, mama mmoja alinyoosha mkono wakati mwenyekiti anajiandaa kufunga. "Mwandishi, mwanangu anarudi Jumamosi. Miezi minne yuko soba. Nimpikie nini?" Watu wakacheka, cheko la kumpongeza, nami nikacheka nao. Nikamwambia pilau, mama, na kachumbari ya kutosha. Nilipofika kituo cha daladala ndipo nilipong'amua kuwa nimemjibu ovyo. Kwa mtu aliyezoea heroini, siku za mwanzo baada ya kurudi nyumbani kutoka soba, yaani nyumba ya kuachia dawa za kulevya, akiwa msafi, ni miongoni mwa zile za hatari kuliko zote, na pale ukumbini hakuna aliyemwambia.

Haya ndiyo maswali ambayo familia huuliza, na majibu ambayo nilipaswa kumpa siku ile.

Ameshaacha. Hatari inatoka wapi tena?

Heroini, ambayo mtaani tunaiita unga, ni ndugu wa mofini, ile dawa ya maumivu makali ya hospitalini. Zote asili yake ni utomvu wa afyuni. Ikifika kwenye ubongo hufanya kazi mbili kwa mpigo. Ya kwanza ndiyo anayoitafuta mtumiaji: maumivu yanatulia, mawazo yanatulia, stimu inapanda. Ya pili mtu haioni. Chini kabisa ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo, kuna sehemu inayopima hewa chafu iliyo kwenye damu na kutuamrisha tuvute pumzi, hata tukiwa usingizini. Heroini huisinzisha sehemu hiyo. Hewa chafu inazidi kupanda na amri haitoki. Kijiweni utasikia kwamba moyo umepasuka au damu imeganda. Kwa kawaida si hivyo. Mtu anasahau kupumua.

Mwili unaotumia kila siku hujizoesha. Aliyeanza na nusu kete, yaani nusu ya kifurushi kidogo cha unga, anafika kete nne, tano, na bado anasimama kwa miguu yake. Lakini usugu huo hauwekeki akiba. Ukiacha kutumia unaanza kupungua ndani ya siku chache, na wiki kadhaa baadaye umekwisha, mwili umerudi kuwa mgeni. Kisichorudi nyuma ni mazoea ya mkono. Anakutana na rafiki wa maskani, anajiambia "leo tu", anapima kipimo chake cha zamani, na kipimo hicho kinaingia kwenye mwili wa mtu ambaye ni kama hajawahi kugusa unga. Ndiyo maana wanaotoka gerezani hufa sana kwa ovadozi katika wiki mbili za mwanzo. Jambo hili limethibitika nchi baada ya nchi. Soba, wodi ya hospitali, hata miezi mitatu ya kukaa kwa bibi kijijini, hesabu yake ni hiyo hiyo.

Kuna pia suala la kete yenyewe. Pwani yetu ni njia ya mzigo unaotoka upande wa Afghanistan kwa majahazi; Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi nje ya pwani ya Kenya likiwa na zaidi ya kilo 1,000 za heroini. Mzigo unaopita hudondosha. Kinachofika mtaani kimeshachanganywa na mikono mingi, na pusha mwenyewe hajui ukali wake. Kete ya leo si kete ya mwezi uliopita, hata kama karatasi ni ile ile.

Arosto inaua?

Arosto ni mateso ya mwili ulionyimwa dawa ulioizoea. Ikiwa ni ya unga peke yake, kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, ni nadra kuua. Inaanza saa 8 hadi 24 baada ya kete ya mwisho: miayo isiyoisha, kamasi, machozi, vipele vya baridi mwilini kama kuku aliyenyonyolewa. Kisha tumbo linakatika, anatapika, anaharisha, miguu inarusha teke yenyewe usiku kucha. Kwa kawaida inadumu kati ya siku 4 na 10. Anayeipitia anaapa kwamba anakufa, na ukimtazama unamwamini. Hatari iliyopo ni kukaukiwa maji, kwa hiyo mpe maji yenye chumvi na sukari ya kurudishia yanayopotea kwa kuharisha, uji mwepesi, na umpeleke kituo cha afya akishindwa kubakisha chochote tumboni.

Ila hapa pana mtego ambao familia nyingi hazijui. Wengi hawatumii unga tu. Wanachanganya na gongo, au na vidonge vya usingizi vya aina ya valiamu. Arosto ya pombe na ya vidonge hivyo ni nyingine kabisa: inaweza kuleta degedege, kuchanganyikiwa, na kifo. Kwa hiyo kabla ya kumfungia mtu chumbani "aioshe yenyewe", kama baba wengi wanavyofanya, muulize bila ukali: na nini kingine? Kama jibu ni pombe ya kila siku au vidonge, apelekwe hospitali, komeo liachwe.

Mjamzito naye asikatishwe unga ghafla. Arosto inaweza kumdhuru aliye tumboni. Aende kliniki, na mara nyingi atapewa methadoni.

Yeye anavuta tu, hajidungi. Si nafuu?

Kwa virusi, ndiyo. Kwa uraibu na kwa pumzi, nafuu ni ndogo kuliko anavyokwambia. Kokteli, yaani unga uliochanganywa na bangi na tumbaku kwenye msokoto mmoja, ndiyo mlango walioingilia wengi wanaojidunga leo, na ovadozi ya kuvuta ipo, hasa akiwa amekunywa pombe au amemeza vidonge.

Sindano inaongeza mlango wa pili: VVU, homa ya ini aina ya B na C, majipu, vidonda, bakteria wanaoshuka hadi kwenye moyo. Kuchangia si bomba la sindano tu. Kijiko, pamba na maji ya kuyeyushia vinabeba virusi pia. Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 2000, watafiti waliandika kuhusu jambo ambalo wengi hawakuliamini: mtu aliyekwisha kujidunga anavuta damu yake kwenye bomba na kumpa mwenzake asiye na pesa ajidunge, kwa imani kwamba stimu imo ndani ya damu. Walioanza walikuwa wanawake, wakioneana huruma wakati wa arosto. Unga unaobaki katika kijidamu kile ni karibu na hakuna. Virusi vinabaki vyote.

Aliyewahi kujidunga, hata mara moja miaka kumi iliyopita, apime. Homa ya ini C siku hizi inatibika kwa vidonge, kwa wengi ndani ya wiki 12.

Nimemkuta amelala, hazinduki. Nifanye nini?

Sikiliza kwanza. Mkoromo mzito wa kugugumia, kama maji yanayochemka kwenye sufuria yenye kifuniko, si usingizi mzuri. Nimeshasikia zaidi ya mara moja habari ya ndugu waliosema, "Tulimwacha alale, alikuwa anakoroma." Tazama midomo na kucha: kwa mtu mweusi hazigeuki buluu ya kitabuni, zinakuwa kijivu, kama zilizopakwa majivu. Fungua jicho: mboni imekuwa ndogo kama tundu la sindano. Hesabu pumzi kwa dakika moja. Mtu mzima aliyetulia huvuta 12 hadi 20. Zikipungua hapo, au zikawa zinakatika na kurudi, usisubiri.

Mwite kwa jina. Msugue kwa nguvu katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole. Asipoitika, piga kelele upate watu, na mtu mmoja aanze kutafuta usafiri. Mlaze chali, inua kidevu ili koo lifunguke, ondoa kilichomo mdomoni, ziba pua, mpulizie pumzi mdomoni moja kila baada ya sekunde 5. Anachokosa ni hewa, na hewa unayo. Akianza kupumua mwenyewe mlaze ubavu, goti la juu limekunjwa, ili akitapika yasirudi kooni.

Maziwa, hapana. Anayepumua kwa shida hamezi, maziwa yanaingia mapafuni. Chumvi, ndimu, ndoo ya maji ya baridi, kumchoma sindano ya maji ya chumvi: hapana zote. Na hili la usafiri nitalisema kwa sauti kwa sababu ndilo tunalofanya. Tunambeba mshikaki kwenye bodaboda, katikati ya watu wawili, kichwa kimening'inia kifuani. Kichwa kikiinama vile koo linajifunga, na dakika kumi za safari zinamaliza kilichokuwa kimebaki. Tafuta bajaji au gari, alale ubavu, mtu mmoja akae kichwani kwake akihesabu pumzi na kupuliza inapobidi.

Mwambie muuguzi neno "heroini" mlangoni, kabla hata ya kuandikisha jina. Usiseme malaria, usiseme presha, usiseme amekula chakula kibaya. Kuna dawa inaitwa naloksoni, ya sindano au ya kupuliza puani, inayoiondoa heroini pale ilipokaa kwenye ubongo. Mtu aliyekuwa anakata roho anaweza kufumbua macho ndani ya dakika chache. Ataamka na arosto, pengine na matusi. Msimruhusu aondoke. Naloksoni hufanya kazi kwa dakika 30 hadi 90, kisha inaisha, na heroini au methadoni iliyobaki mwilini inaweza kumrudisha chini.

Methadoni si unga wa serikali tu?

Swali hili huulizwa kwa kejeli, lakini si la kipuuzi. Methadoni ni ya ukoo wa heroini. Tofauti iko katika mwendo. Heroini inapanda kwa sekunde na kushuka kwa saa chache, kwa hiyo mtu anaishi akikimbizana nayo mara tatu, nne kwa siku. Methadoni inapanda polepole na kukaa siku nzima na zaidi. Ikipimwa sawasawa haimpi stimu. Inamwondolea arosto tu, na siku inabaki yake.

Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa Februari 2011, Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014. Ukisimama asubuhi karibu na dirisha la dawa utaona jinsi ilivyo kazi ya subira: jina, namba, kikombe kidogo. Anakunywa mbele ya muuguzi. Anaongezewa maji kidogo kikombeni, anayanywa. Kisha lazima aseme neno, "asante" au "haya dada, kesho", ili ionekane hakuna kilichobaki mdomoni. Kesho tena.

Familia nyingi zingependa aache vyote, na mimi zamani nilikuwa upande huo. Niliacha kufikiri hivyo nilipoelewa habari ya usugu. Aliye kwenye methadoni mwili wake haujawa mgeni. Akiteleza siku moja, uwezekano wa kuamka ni mkubwa zaidi. Tafiti za miaka mingi zinaonyesha wanaobaki kwenye tiba hiyo hufa kidogo sana kuliko wanaoiacha. Soba inawafaa baadhi, nami nawajua waliosimama kwa njia hiyo. Ila soba bila mpango wa siku ya kutoka ni nusu ya kazi.

Mambo mawili ya kushika. Akikosa dozi siku tatu mfululizo, asinywe ile ya zamani. Kliniki itaipunguza, kwa sababu ile ile ya usugu. Na methadoni isiwekwe nyumbani kwenye chupa ya soda. Funda lake moja linaweza kumuua mtoto.

Na bangi je?

Bangi haizimi pumzi kama heroini, hilo ni kweli, wala sitalikanusha ili kutisha watu. Kwa kijana ambaye ubongo bado unakua, na hasa mwenye ukoo wenye ugonjwa wa akili, inaweza kufungua mlango wa kusikia sauti na kuona maadui. Ya kula, ile ya kwenye biskuti na keki, huchelewa hadi saa mbili kuanza kazi. Mtu anaona bado, anaongeza, kisha zote zinampata pamoja.

Tumwambie nini akirudi?

Mwambie kwa maneno ya kawaida kwamba mwili wake sasa ni mgeni, na kipimo cha zamani kitamuua. Wazazi wanaogopa kwamba kulisema ni kama kumpa ruhusa. Anakijua kijiwe kilipo kuliko wewe. Asichokijua ni hiki. Mwambie pia kwamba akiteleza asiwe peke yake, na kwamba simu yako itapokelewa saa nane za usiku bila hotuba. Kenya, namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya, ni ya bure kwa ushauri. Tanzania, ulizia tiba ya methadoni hospitali ya mkoa, na kwa Unguja, hospitali ya Kidongo Chekundu.

Kwa hiyo, mama, pilau ipikwe Jumamosi. Ijumaa mwite fundi, au chukua bisibisi mwenyewe, uondoe komeo la ndani la mlango wa chooni na la chumba chake, ili akizidiwa umfikie. Weka pazia. Usiku ukisikia anakoroma kwa namna usiyoijua, ingia, washa taa, mwite jina.